Bibi Moy Alikufa Mara Kumi na Moja

Albertine anasema aliniona nimeshika kisu.

Anasema alifika mlangoni kwa Bibi Moy saa tisa mchana, akakuta mlango haujafungwa vizuri, akausukuma. Anasema bibi wa watu, mwenye miaka tisini na miwili, alikuwa amelala sakafuni, blauzi yake nyeupe imejaa damu kifuani, macho wazi. Na mimi nimesimama juu yake na kisu, mikono myekundu.

"Na analia!" anasema. "Anaua, njo analia! Ule mutoto eko na shetani!"

Hivyo ndivyo alivyowaambia Wakongo wanaokula kwake. Hivyo ndivyo alivyowaambia Wakenya wa maduka ya chini. Kufikia saa kumi na nusu mtaa wetu mzima wa Xiaobei ulikuwa na habari. Kuna mtu wa Nairobi ambaye hajawahi hata kuniona, lakini tayari alikuwa anaeleza nilivyochoma, na kwa mkono gani.

Sikatai. Kisu nilikuwa nacho. Kulia nililia. Na bibi alikuwa chini.

Lakini Albertine alifungua mlango jambo likiwa katikati, akakimbia kabla halijaisha. Mimi nilibaki. Kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Wewe uliyelikosa gazeti la wiki jana, nitakuvuta kidogo tu. Naitwa Kawira, mtu wa Kibirichia, Meru. Nilisoma hadi darasa la nane, nikaishia hapo. Nilikuja Guangzhou kufanya kazi kwenye duka la nywele za bandia karibu na stesheni ya Liuhua. Duka likafungwa, laoban wangu, yaani tajiri wa duka, akazima simu. Albertine, mama wa Lubumbashi anayepikia wafanyabiashara nyumbani kwake ghorofa ya tatu, ndiye aliyenipa kochi la kulalia. Hilo sitalisahau, hata leo anaponiita muuaji.

Kisha siku moja bibi mmoja Mchina akashuka kutoka ghorofa ya tano na mkongojo wake. Akasimama mlangoni kwa Albertine, akauliza kwa Kiingereza safi kabisa, "Kuna aliyetoka karibu na Mlima Kenya?"

Watu wakacheka. Mimi nikanyoosha mkono kama niko darasani.

Huyo ndiye Bibi Moy. Akaniajiri nimpikie, nimwogeshe, nimchane nywele. Na wiki jana niliwaambia alichonieleza siku nikimchana: kwamba zamani aliitwa Coralie Moy, na alikuwa mcheza filamu wa Hollywood.

Sikumwamini. Alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, amevaa soksi zangu.

"Nilizaliwa nyuma ya duka la dobi la baba yangu, Los Angeles," alisema. "Nikiwa na miaka ishirini wakanipa mkataba wa miaka saba. Wakaning'oa magego mawili ili mashavu yaingie ndani. Jina la nyumbani hawakuweza kulitamka, wakanipa Coralie."

"Ulikuwa unacheza nani?"

"Nimekuwa Mwarabu. Nimekuwa Mhindi. Nimekuwa msichana wa visiwani mwenye maua masikioni. Mchina nimekuwa mara moja tu, tena mtumishi. Mchina mwenyewe, mkubwa wa filamu, alikuwa mzungu wamembandika kope."

"Aa!"

"Sasa sikiliza. Kila filamu nampenda mzungu. Lakini kumbusu siruhusiwi, sheria yao ya filamu inakataza. Msichana anampenda mtu asiyeruhusiwa kumbusu. Hiyo filamu itaishaje?"

"Sijui, Bibi."

"Anakufa," alisema. "Filamu kumi na nne, vifo kumi na moja. Kwa sumu, kwa risasi, kwa nyoka, mara mbili kwa maji. Watu wengine walisifiwa kwa kucheza dansi. Mimi nilisifiwa kwa kuanguka."

Filamu ya tisa walikwenda kuipigia Kenya, chini ya mlima, mwaka wa hamsini na saba. Walimpaka rangi ya kahawia mwili mzima, wakasema ni binti wa mfalme wa Kiafrika. Nyuma yake walisimama wasichana wa kweli mia moja, wamelipwa wasimame.

Na Bibi Moy alikuwa na mimba.

Aliyempa mimba ile alikuwa mwongozaji wa filamu, mtu wa mke na watoto. Mkataba ulisema ukiaibika unafukuzwa. Basi kampuni ikatangaza kwamba Coralie Moy ameshikwa na malaria. Malaria ya miezi mitano. Akafichwa kwenye nyumba ya mkulima mzungu huko Timau, pamoja na mwanamke mmoja wa pale, Ciokaraine, aliyekuwa akimvalisha nguo za filamu na kuzipanua kadiri tumbo lilivyokua.

Akajifungua msichana. Akamnyonyesha siku nane. Ciokaraine akamchukua, akamwita Nkatha.

"Nilisema nitarudi mkataba ukiisha," aliniambia Bibi. "Mkataba ukaisha. Lakini nilikuwa nimeshazoea kutorudi."

Ndipo akanishika mkono wenye kitana.

"Nyumbani kwenu na Timau ni karibu. Nitafutie mtoto wangu. Sitaki anisamehe. Nataka kusikia sauti yake tu, nife mara ya kumi na mbili, ile ya kweli."

Nikampigia kaka yangu Mwenda, nikamtuma Timau. Na mwisho wa simulizi ya wiki jana simu yake ilikuwa inaita, nami natoka nayo mbio kwenda kwenye ngazi.

*

"Kawira, umekaa?"

"Sema."

"Tafuta pa kukaa."

Nikakaa kwenye ngazi. Ilikuwa saa nane mchana kwetu, saa tatu asubuhi kwao. Nilisikia upepo wa Timau ukipiga kwenye simu yake.

"Nimempata Nkatha," akasema.

"Asante Mungu! Mpe simu."

"Nimepata kaburi lake."

Nikashika chuma cha ngazi.

"Alikufa mwaka wa tisini na moja. Mapafu. Hakuzaa. Aliyeniambia ni Karimi, binti wa Ciokaraine; yeye na Nkatha walikua pamoja kitanda kimoja. Sasa ni bibi mzee. Kawira, uko?"

"Niko."

"Makaburi ni mawili."

"La pili ni la Ciokaraine."

"Ciokaraine alizikwa kanisani. Hili ni dogo, limezungushiwa mawe. Ndani hamna mtu. Nkatha mwenyewe ndiye aliyelichimba akiwa mtoto. Kuna kipande cha ubao kimechongwa kwa kisu, MAMA. La pili ni la huyo bibi yako."

"Mwenda, umelewa asubuhi hii? Bibi yuko ndani anakunywa chai!"

"Ndiyo maana nilikuuliza kama umekaa."

Kisha akanieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelezwa.

Mwaka wa sitini na tano gari la sinema la serikali lilifika Timau. Wakatundika shuka nyeupe kati ya milingoti miwili kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe. Waliileta filamu ile ile iliyopigwa pale, ili watu wajione. Watu walikuja kutoka kila upande. Walipoonekana wapiga ngoma, uwanja ulipasuka kwa kelele. "Yule ni baba Muriuki! Tazama magoti yake!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Ciokaraine alikuwa amempakata Nkatha, mtoto wa miaka minane. Hajawahi kuona sinema. Hajawahi kuona hata picha inayotembea.

Mbele ya watu akatokea binti wa mfalme, mrefu kama mti, uso umejaa shuka nzima.

Ciokaraine akashindwa kujizuia. Alitaka mtoto ajivune. Akamnong'oneza sikioni, "Yule ndiye mama yako."

Nkatha akasimama. Akaangalia. Hakupepesa macho.

Mwisho wa filamu binti wa mfalme anajitupa mbele ya kisu, ili mzungu apone, akamwoe mzungu mwenzake. Kisu kikaingia. Damu ikatoka. Mama yake Nkatha akaanguka, macho wazi, na mzungu akayafunga kwa vidole.

"Ciokaraine alimwambia ni mchezo," alisema Mwenda. "Alimwambia, damu ile niliipika mimi kwenye sufuria, ni chokoleti na unga. Mtoto akakataa. Akasema, niliona. Akanyolewa nywele kama mfiwa, maana bila hivyo alikataa kula. Akachimba lile shimo, akazika kitambaa alichoachiwa na mama yake. Ciokaraine akaandikia kampuni barua tatu, akiomba mama alete picha, alete sauti, chochote cha kuonyesha mama yu hai. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Basi akaacha. Nkatha hakumtafuta mama yake hata siku moja, kwa sababu alimwona akifa."

Nikaangalia mlango wa Bibi Moy juu yangu.

"Kawira, utamwambiaje?"

"Nitamwambia."

Nilipanda. Bibi alikuwa ameweka kikombe chini, mikono mapajani, kama mtu anayengoja jina lake liitwe.

"Vipi?" akasema.

Na mimi nikafungua mdomo nikasema, "Yuko hai, Bibi. Anakusalimu."

*

Msiniulize kwa nini. Nilipanga kusema lile lingine, ngazi nzima. Ulimi ndio uliogeuka.

Bibi hakulia. Alitaka rangi ya mdomo. Siku ile alikula wali mabakuli mawili na samaki wa mvuke, mtu ambaye nilikuwa namlisha uji kwa kijiko.

"Nataka sauti yake."

"Ataituma kesho."

Kesho yake nikashuka hadi mlango wa chini na simu yangu ya pili, nikajifunga shuka kichwani ili sauti iwe nzito, nikasema kwa Kiingereza changu cha darasa la nane. Kilinifaa, maana kilikuwa Kiingereza cha mama wa Timau kabisa. "Mother, ni mimi Nkatha. Mimi ni mzima. Nina ng'ombe wawili. Mvua imenyesha."

Nikampelekea. Akaisikiliza mara saba. Mara ya nane akaniomba niondoke chumbani.

Nikatuma ya pili. Nikatuma ya tatu. Ng'ombe mmoja alizaa. Nkatha alikuwa na maumivu ya mgongo. Nkatha alikuwa hajakasirika. Kila jioni Bibi alinipa majibu niyatume, nami niliyapeleka kwenye simu yangu mwenyewe mfukoni.

Jumbe sita. Usiku sikupata usingizi, lakini mchana nilimwona Bibi akitembea bila mkongojo hadi dirishani. Nikajiambia, basi, uongo huu unamtembeza mtu.

Ujumbe wa sita ndio ulioniponza. Bibi akasema, "Inatosha sauti. Ijumaa saa tisa na nusu nataka kuona uso wake."

Nikashuka kwa Albertine. Alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwao, jasho linamtoka. Nikamweleza yote, tangu kaburi la kwanza mpaka la pili. Kisha nikamwomba.

"Maman Albertine, dakika tano tu. Ujifunge kitambaa, ukae mbele ya simu. Nitaweka taa kidogo, rangi ya ngozi isijulikane. Bibi macho yake hayaoni mbali. Sema 'Mother', kisha ulie, kisha mtandao ukatike."

Akauacha mwiko umesimama kwenye sufuria.

"Weye unataka miye nikuwe maiti?"

"Si maiti. Uwe mtoto wake."

"Mutoto wake alikufa. Weye mwenyewe umesema. Kama miye niko mutoto wake, miye niko nani? Maiti! Jamais! Hapana kabisa!"

"Bibi atakufa kwa huzuni."

"Na weye utakufa na uongo. Kawira, nilikupa kochi yangu, hapana?"

"Ulinipa, mama."

"Basi nisikilize kama mama. Kufa haichezewi. Ile Ijumaa, saa tisa, nitapanda kule yulu. Kama haujamuambia bibi ya watu ukweli, nitamuambia miye."

"Mama, tafadhali..."

"Saa tisa!" Akarudia mwiko wake. "Ondoka, bukari inaungua."

*

Ijumaa, saa nane na nusu. Nilikuwa na nusu saa.

Bibi Moy alikuwa amevaa tangu asubuhi. Blauzi nyeupe ya hariri, suruali nyeusi, lulu za plastiki. Nilimpaka wanja mwenyewe. Aliketi kwenye kochi, simu imeegemezwa kwenye birika mbele yake.

Nilikaa kwenye stuli nikimenya lile tunda jekundu la huku, tunda la joka, linalopaka rangi kila kinachogusa. Nilikuwa nammenyea ili mikono iwe na kazi. Nikasema, "Bibi, nina neno."

"Ngoja. Kwanza nifanye zoezi."

"Bibi, ni la muhimu."

"Nkatha ataniuliza miaka yote hii nilikuwa nafanya nini. Nimjibu nini? Nitamwonyesha. Nitamfia." Akacheka kidogo. "Kile kifo cha Timau. Ciokaraine lazima alimsimulia. Simama, wewe ndiye mwenye kisu."

"Bibi, moyo wako. Daktari alisema..."

"Daktari hakuwahi kulipwa kwa kuanguka. Simama!"

Nikasimama. Mikono imejaa utomvu mwekundu, kisu cha matunda mkononi.

"Watu huanguka kama gunia," akasema. "Usianguke kama gunia. Goti kwanza. Halafu nyonga. Halafu bega. Kichwa mwisho, taratibu, nywele zipate muda wa kutawanyika. Na macho usifumbe. Ukifumba, mzungu atafunga nini?"

"Bibi, tafadhali, nina jambo la kukwambia..."

"Nisogelee."

Nikamsogelea. Akanishika mkono wa kisu, akauvuta kifuani kwake, ubavu wa kisu tu, na vidole vyangu vikaacha alama nyekundu kwenye hariri. Akavuta pumzi.

Sijui niwaelezeje kilichotokea usoni mwake. Yule bibi wa soksi zangu aliondoka. Alikuja mtu mwingine, msichana, amechomwa na mtu anayempenda, na anamsikitikia aliyemchoma. Goti likaenda. Nyonga ikaenda. Alijishusha kutoka kochini kama maji yanayoshuka, na mimi sikumwona Bibi Moy tena. Niliona uwanja wa mnada wa ng'ombe na shuka nyeupe. Nilimwona mtoto wa miaka minane amesimama.

Nikalia. Nililia kwa sauti, hata sikujua ni mimi.

Ndipo mlango ukafunguka.

"Yesu Maria!" Albertine akashika mdomo, akatazama damu ya tunda, akatazama kisu, akatazama macho ya Bibi. "Amemuua! Kawira amemuua bibi! Tokeni! Tokeni!" Nikasikia kandambili zake zikishuka ngazi mbili mbili.

Bibi, akiwa bado sakafuni, akaanza kucheka. Cheko jembamba, la kukosa hewa.

"Mtazamaji wa kwanza tangu mwaka wa sitini na sita," akasema, "na amekimbia kabla ya mwisho."

"Bibi, nikuinue."

"Niache. Funga mlango. Funga kabisa."

Nikafunga. Niliporudi alikuwa haangalii dari tena. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Kwa nini unalia?"

"Umeanguka vizuri, Bibi."

"Nimeanguka vibaya. Goti halikunji. Kawira, mimi nimekufa mbele ya watu wa taa, watu wa kamera, wapaka rangi. Hakuna aliyelia. Wengine walikuwa wanakula mkate. Wewe umelia hata sijafika chini. Umelia kama mtu anayejua kinachofuata."

Nikaangalia kisu.

"Nani alikusimulia kifo hiki?"

"Hakuna, Bibi."

"Umevuta pumzi."

"Bibi?"

"Kabla ya kudanganya unavuta pumzi. Nkatha pia anavuta pumzi, mahali pale pale." Akalaza shavu lake sakafuni kama anapumzika. "Zamani tulikuwa tukimaliza kupiga picha, wanatuingiza kwenye chumba kilichofungwa, tunayasema maneno upya. Halafu fundi anaongeza upepo, anaongeza ndege, anaongeza farasi. Mtu akisahau upepo, mimi najua. Timau nilikaa miezi mitano. Kuna upepo mpaka unauota. Kwa Nkatha hakuna upepo."

Nikakaa chini karibu naye.

"Na ujumbe wa pili," akasema, "nyuma ya yule ng'ombe aliyezaa, kuna yule mzee wa baiskeli ya magurudumu matatu. Kipaza sauti chake. Anaita friji mbovu, runinga mbovu, mashine za kufulia mbovu. Timau siku hizi kuna mtu anayenunua friji mbovu kwa Kikantoni?"

"Ulijua tangu wa pili?"

"Tangu wa kwanza nilishuku. Wa pili nikajua."

"Kwa nini ulinyamaza, Bibi? Kwa nini uliniacha nikaendelea?"

Akazishika lulu zake za plastiki.

"Kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniita Mother," akasema. "Nilitaka uendelee."

Hapo ndipo nilipotamani Albertine arudi, anipige hata na mwiko.

"Ijumaa niliitaja mimi makusudi," akaendelea. "Nilitaka kuona utafika wapi. Ukiniletea mtu, nitakuwa nimepata mtoto wa dakika tano. Ukiniambia ukweli, nitakuwa nimepata ukweli. Nilijiambia, chochote kitakachokuja nitakipokea. Lakini hukuniletea mtu wala ukweli, umeniletea machozi. Amekufa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Lini?"

"Elfu moja mia tisa tisini na moja."

Akahesabu kwa midomo.

"Mwaka huo nilitoka Amerika nikahamia hapa, nyumba hii aliyoiacha baba. Nilikuwa nachagua mapazia." Akatazama dirishani, ambako mapazia yale yale bado yananing'inia, yamepauka kwa jua. "Wiki nzima nilichagua mapazia."

Chini kukaanza makelele. Sauti ya Albertine, sauti za wanaume, mlinzi wa jengo na ule mlio wa redio yake. Hatua nyingi kwenye ngazi.

"Nikuinue, Bibi. Wanakuja. Wakikukuta hivi..."

"Wacha waje. Niambie kwanza. Hii moja tu, halafu utakuwa huru, utakwenda kulala kwenye kochi la mtu wa Mungu yule."

"Sema, Bibi."

"Nilisikia zamani kwamba filamu ile ilizungushwa huko kwenu kwa gari. Viwanjani. Kwenye mashuka." Alinishika kidole gumba, chenye utomvu uliokuwa umeanza kukauka. "Mimi sikuwahi kumpelekea mtoto wangu hata picha. Nilijiambia, pengine siku moja gari lile litafika Timau, naye atakuwa amekaa mbele, nami nitakuwa nimefika kwake kwa njia hiyo. Miaka yote hii nilijiambia hivyo. Ndicho kilichonilaza."

Hatua zikafika ghorofa ya tatu.

"Usinidanganye. Nitakusikia pumzi. Aliniona?"

Niliziba pumzi. Ndiyo njia pekee niliyoijua.

Nikisema hapana, mtoto amekufa bila kumjua mama. Nikisema ndiyo, atajua mtoto aliona nini. Na filamu ilikuwa moja tu, na mwisho wake ulikuwa umelala hapa mbele yangu, mkono kifuani, hariri nyekundu.

Bibi Moy alinitazama usoni muda mrefu. Kazi yake ilikuwa nyuso.

"Aliniona," akasema. Hakuwa anauliza.

Mlango ukagongwa kwa ngumi. Mlinzi akapaza sauti kwa Kichina. Nyuma yake Albertine analia, "Kawira, fungua! Bibi ya watu eko muzima?"

Bibi hakugeuka. Alikuwa bado katika namna ile ile aliyoanguka, macho wazi, anangoja.

"Sogea karibu, wasisikie," akaninong'oneza. "Niambie mtoto wangu alifanya nini baada ya kuniona."